Bwawa la Mindu sio Coco Beach

Jumapili usiku, bwenini

Najua nimepotea kidogo humu, mtanisamehe. Ndio kwanza nimerudi kutoka mazoezi ya kufundisha na ripoti bado haijaisha. Ila leo ripoti itanisubiri, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Alhamisi usiku kulikuwa na kikao chumbani kwetu. Ajenda moja: tukimaliza mitihani twende tukafunge mwaka Bwawa la Mindu. Basi la kukodi, muziki, mbuzi wawili, na kuogelea mpaka jua lizame. Watu kama 60, mchango shilingi 15,000 kwa kichwa. Mimi nikauliza swali moja tu: vyoo viko wapi? Chumba kizima kikacheka. Mmoja akanijibu, "Ticha, pori lote lile hulioni?" Teh teh teh. Na mimi nikacheka. Kisha nikakataa kutoa mchango, na tangu siku hiyo naitwa mnoko. Wengine wanasema ualimu umeshanipanda kichwani hata ajira sijapata.

Haya, mnoko anaomba aseme yake hapa, kwa sababu pale chumbani sikupewa nafasi.

Kwanza nikiri. Mimi mwenyewe nimeogelea Mindu. Mwaka wa kwanza, Jumapili mbili mfululizo. Mimi mtoto wa Mwanza, nikikaa karibu na maji siwezi kutulia. Hakuna aliyetuzuia, na kusema kweli sikuona ubaya wowote. Ubaya nimekuja kuuona darasani, tena nikiwa mbele na chaki mkononi.

Nilikuwa nafundisha Bailojia kidato cha tatu, hapa hapa Morogoro. Tulikuwa kwenye minyoo, tukafika kichocho. Nikachora mzunguko wote ubaoni: mgonjwa anakojoa au anajisaidia majini, mayai yanaanguliwa, kimelea kinaingia kwa konokono, kinatoka kimeshabadilika, kinapenya ngozi ya yeyote aliyeingia kwenye maji yale. Nikamalizia kibabe kabisa: "Kwa hiyo ni marufuku kuogelea wala kujisaidia kwenye mabwawa." Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Mbona wanachuo huwa tunawaona wanaogelea Mindu?"

Darasa likalipuka. Sikuwa na jibu. Nikamwambia akae, tutaendelea kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine. Ndio ualimu wangu huo.

Kwa hiyo hili ni jibu la yule kijana, limechelewa, na nyie wa mchango wa 15,000 mtalisikia pia.

Mindu sio dimbwi la kujichimbia. Ni bwawa la Mto Ngerengere, pale kando ya barabara ya Iringa, na tangu miaka ya 1980 ndio chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Ukifungua bomba mjini ukanawa uso, kuna uwezekano mkubwa umenawa Mindu. Mama ntilie anayetupikia wali maharage anapikia Mindu. Na wale mnaojiona watu wa Dar, msicheke sana: Ngerengere unamwaga maji yake Ruvu, na Ruvu ndio inayoinywesha Dar es Salaam. Yaani ukikojoa bwawani umewatumia salamu na shangazi zako.

Sasa hoja zenu. Nilizisikia zote Alhamisi, nazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Mbona Mwanza wanaogelea Ziwa Victoria na ndio wanayokunywa?" Hii ilinilenga mimi. Ni kweli. Maji yanavutwa Capri Point, na sisi watoto tulikuwa tunapiga mbizi. Lakini Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Mindu unasimama ukingoni unaiona ng'ambo, ukiwa na macho mazuri unamhesabu na mbuzi. Kitone kile kile cha uchafu, ndoo mbili tofauti kabisa. Halafu nani kawaambia Mwanza tulikuwa salama? Nikiwa darasa la nne tulipangwa mstari shuleni, tukapimwa urefu kwa fito ili wajue kila mtu ameze vidonge vingapi vya kichocho. Vikubwa na vichungu, mpaka leo nikivikumbuka ulimi unajikunja. Hakuna mtu anayemezesha shule nzima dawa kwa sababu maji ni mazuri.

Mwenzetu mmoja aliyesoma sana akatuletea Ulaya. Kwamba Bodensee, lile ziwa linalopakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, watu wanaogelea kiangazi chote na bado linawanywesha Wajerumani wapata milioni 4. Ni kweli tupu. Ila amalizie hadithi: lile ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 500, na maji yao yanavutwa kutoka kina cha mita 60, yanapigwa ozoni, yanachujwa, ndio yanaingia kwenye bomba. Mindu hata tungetaka mita 60 tungezipata wapi? Tungeanza kuchimba. Tena bwawa lenyewe linazidi kujaa matope yanayoletwa na mito kutoka milimani. Kuiga ni sawa, ila tuige na mitambo, tusiige kaptula tu.

Hoja ya pili: "Maji yanatibiwa, klorini itaua kila kitu." Hapana. Klorini inaua vingi, haiui vyote. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, kinatoka kwenye kinyesi cha watu na cha mifugo, na kina gamba gumu ambalo kipimo cha kawaida cha klorini hakilitishi. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee kule Marekani, unaokunywa Ziwa Michigan, mtambo wa kuchuja ulizidiwa na kijidudu hicho kikapita. Wanaokadiriwa kufikia laki 4 wakaharisha, na kwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa na kinga dhaifu ilikuwa kifo. Sisemi waliosababisha ni waogeleaji. Nasema ule ni mji tajiri wenye mitambo, na ukizidiwa siku moja yanatokea hayo. Mtambo wa maji ni kama golikipa. Kuwa na golikipa hodari sio sababu ya mabeki kwenda kulala.

Na kwenye kichocho, anayeumia wa kwanza ni wewe mwenyewe unayeingia na kaptula, wala sio yule wa bombani. Wa pili ni mvuvi anayeingia kesho yake. Wewe unameza dawa unarudi bwenini, yeye kesho anaingia tena kwa sababu ndio kazi yake.

Hoja ya tatu ndio nzito, na naikubali nusu: "Watu wanalima mpaka ukingoni, ng'ombe wanakunywa humo humo, mnatuona sisi tu?" Kweli. Mbolea na dawa za mashamba zinaingia, kinyesi cha ng'ombe kinaingia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bwawa zisiguswe na shughuli za kuliharibu, na wote tunajua sheria na ukingo hawasalimiani. Lakini jamani, tangu lini kosa la jirani likawa kibali? Yule mkulima ana watoto wa kulisha, ukimtoa pale lazima umwambie aende wapi. Sisi tuna mbuzi wawili na spika. Siku mtu wa mamlaka atakapokwenda kumwambia mama mmoja ang'oe mchicha wake, mama atauliza yale yale ya mwanafunzi wangu: mbona wanachuo mnawaacha? Atakuwa amemaliza kesi.

Sasa msiseme mnoko anakataza tu. Naelewa kiu yenu. Mji huu una joto na vijana kibao, bwawa la kuogelea la hoteli linataka hela ambayo bumu halina, halafu tukaambiwe tukae vyumbani tusome? Marufuku isiyo na mbadala ni kibao cha kuning'inizia nguo. Ndio maana mimi sipingi burudani Mindu, napinga miili ndani ya maji. Hao hao Wamarekani wana bwawa la Quabbin, linalonywesha Boston. Kuogelea marufuku kabisa. Lakini kuna njia za kutembea, kuna sehemu za kutazama mandhari, hata kuvua kumetengewa maeneo na utaratibu. Watu wanakwenda, wanapumzika, wanarudi, na wanalipenda bwawa lao kwa sababu wamelizoea kwa macho. Na sisi tunaweza. Nje ya zile mita 60, vyoo vya kueleweka, mapipa ya taka, vivuli vya miti, mtu analipa buku anatazama Uluguru jua likizama. Hela ikalinde ukingo. Hilo nitalitetea hata mbele ya mkuu wa mkoa.

Kwa hiyo wana kamati, pendekezo langu ni hili: mbuzi wabaki wawili, muziki ubaki, tutafute uwanja wenye choo. Wa kuogelea tukaombe bei ya kundi kwenye hoteli. Nimeshauliza sehemu moja, wanasikiliza. Mkikubali, natoa 15,000 yangu kesho asubuhi, na kuchoma nyama nasimamia mimi, mnajua hapo siongopi.

Mkikataa mwende Mindu, sitawaripoti kokote. Ila Jumatano narudi ile shule kuchukua fomu yangu ya tathmini, na nimeshaamua kupita kidato cha tatu. Nitamwambia yule kijana: ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea, na sirudii. Nisingependa anijibu, "Sawa mwalimu, ila juzi tumewaona wengine 60."

Naomba kuwasilisha. Kupinga ruksa, matusi hapana. Na aliyeniazimia ndoo yangu airudishe, bomba limeanza kutoa maji saa hizi.

Alamsiki.