Makofi Si Maswali

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wauzaji wa semina za kujibrandi hawaipendi methali hiyo, na hapa Katavi wana hoja. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina viboko na nyati wa kumshangaza mgeni yeyote, lakini mgeni huyo anapopanga safari yake jina analolijua ni Serengeti. Chema kilicho mbali hakijiuzi. Ndivyo ilivyo pia kwa muuguzi, mhandisi au afisa kilimo aliyepangiwa kazi Mpanda: anaweza kufanya kazi nzuri miaka kumi na jina lake lisifike hata Tabora.

Kwa hiyo sipingi mtaalamu kujifunza kuzungumza mbele za watu. Ninachopinga ni anachofundishwa, na anafundishwa azungumze na nani. Simama wima. Anza na kisa cha maisha yako. Taja ushindi wako. Jieleze kwa sekunde 60 kana kwamba umekutana na bosi kwenye lifti. Kila somo linamgeuza mtaalamu amtazame mtu aliye juu yake: mwajiri, mfadhili, jopo la usaili. Mtu aliye mbele yake, ambaye maneno hayo yatagusa shamba lake au mwili wake, hayumo kwenye somo.

Mtu huyo ana jukwaa, tena la kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Pale hakuna lifti. Kuna kivuli cha mwembe, na watu wenye muda wa kukusikiliza mpaka uishiwe maneno.

Chukua Wilaya ya Tanganyika, ambako vijiji vinane vinauza hewa ukaa ya misitu yao katika mradi wa Milima ya Ntakata. Jaribu kuieleza bidhaa hiyo: mnalipwa kwa miti ambayo hamkuikata, na anayelipa ni mtu wa mbali anayetaka kufidia moshi wake. Mfugaji atauliza ng'ombe wake wataenda wapi. Mama atauliza mwanawe atalima wapi akikua. Mzee atauliza nani anahesabu hiyo hewa, na mkataba unaisha lini. Msitu huohuo una hadithi mbili. Moja ni ya mnunuzi wa ng'ambo, yenye picha nzuri ya sokwe. Nyingine ni ya mkutano huu. Semina zetu zinafundisha ile ya kwanza. Lakini ni ile ya pili ambayo ikielezwa vibaya, kijiji kizima kinanyoosha mikono bila kujua kimekubali nini.

Mtaniambia chapa nzuri hujenga imani, na imani hurahisisha maelezo. Basi tuitazame chapa maarufu kuliko zote zilizotoka mkoani Katavi. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Hakuna mshauri ambaye angetunga jina bora: ni fupi, ni la kweli, na linanuka udongo. Juni 2013, kwenye maswali kwa Waziri Mkuu bungeni, aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kuwapiga raia. Alijibu kwamba wanaokaidi amri wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika walimfungulia kesi Mahakama Kuu. Kesi ilitupwa mwaka uliofuata, lakini jibu halikusahaulika. Jina la mtoto wa mkulima halikuwa na msaada wowote pale. Chapa mtu huiandaa kwa utulivu nyumbani. Jibu humtoka palepale, na ndilo linalowaonyesha watu anawaonaje.

Na hadithi ya maisha? Adrien Atiman alikuwa nayo. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwezeshaji gani wa semina asingekitamani kisa hicho? Lakini watu hawakumpelekea wagonjwa kwa sababu ya kisa. Walimpelekea kwa sababu alitibu. Maelezo ya maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, akiwa na zaidi ya nusu karne ya kazi mgongoni. Leo tunamfundisha kijana mwenye miezi sita kazini asimulie safari yake ya mafanikio.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kulipa ada, muulize mwezeshaji: katika siku hizi mbili, ni saa ngapi nitaulizwa maswali, na nani atakayeniuliza? Kama waulizaji ni washiriki wenzako wanaosubiri zamu yao ya kupigiwa makofi, baki na hela yako. Na halmashauri inayolipia mafunzo hayo kwa fedha za umma iyatoe ukumbini, iyapeleke Karema au Mishamo. Mtaalamu aeleze jambo moja la kazi yake kwa wakulima, ajibu maswali mpaka yaishe, halafu msikilizaji mmoja asimame arudie kwa maneno yake alichoelewa. Akishindwa kurudia, mtaalamu asipewe cheti.