Si Kila Mkwaruzo ni Wati Zilizopungua

Hapa Jabe redio ikikwaruza kidogo tu, hukumu hutolewa papo hapo: wameshusha nguvu ya mtambo. Naipinga hukumu hiyo. Kituo kikiisikiliza na kuongeza nguvu, kitachoma mafuta ya jenereta bure, nasi Bujumbura tunajua foleni za mafuta zilivyo.

Wanasema sauti imekuwa ndogo kwa sababu wati zimepunguzwa. Sivyo. Katika FM, sauti hubebwa na kuyumba kwa masafa, si ukubwa wa wimbi. Kuyumba huko huishia kilohezi 75 kila upande. Kituo kikiyumbisha kidogo, sauti hutoka ndogo hata mtambo ukirusha wati 5,000. Redio yenyewe hukata vilele vya wimbi kabla ya kutoa sauti. Ndiyo maana FM, ambayo mvumbuzi Edwin Armstrong alipewa hataza zake mwaka 1933, ilishinda kelele za radi.

Ati nguvu ikiongezwa mara mbili, usafi wa sauti nao huwa mara mbili? Kuongeza huko ni desibeli 3 tu. Anayepata wimbi zuri tayari hatasikia tofauti yoyote. Kitakachoonekana ni bili ya umeme.

Linalonikera zaidi ni kulaumu mtambo kwa kila mkwaruzo wa mtaani. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima. Wimbi hugonga mlima, ghorofa na mabati, likarudi limechelewa na kuligonga lile lililokuja moja kwa moja. Ukiongeza wati, mwangwi nao hupanda vilevile. Kwenye megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, hivyo kuihamisha redio kutoka kabatini hadi dirishani, au kuigeuza antena, kunaweza kumaliza kero yote. Anza hapo.

Lakini anayesema nguvu haina maana kabisa naye amekosea. FM ina kizingiti: wimbi likishuka chini yake, sauti huporomoka ghafla. Kwa msikilizaji aliye nyuma ya vilima vya Isale, desibeli zile 3 ndizo zinazotenganisha habari na kelele. Stereo huumia kwanza. Mijini, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huitakia desibeli 6 zaidi ya mono. Tena redio ya FM hushika wimbi lenye nguvu na kulizima lile dhaifu. Vituo viwili vikigongana kwenye masafa yaleyale, kimoja Bujumbura na kingine Uvira, ng'ambo ya mpaka, kitakachoshusha nguvu kitapoteza wasikilizaji wa mpakani.