Ndoo, Katambuga na Somo la Sayansi

Si ajabu kumsikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba plastiki iyeyukapo, molekuli zake hukatika. Kwa maoni yetu kosa hili si dogo, kwani mtoto aliyekaririshwa hivyo hataweza kueleza hata yale ayaonayo mtaani kwake.

Tutazame mfano. Ndoo ya plastiki ipatapo ufa, fundi hupasha chuma moto, akakipitisha juu ya ufa, plastiki ikalainika na kushikana tena. Lakini mtengeneza katambuga hawezi kuliyeyusha tairi kuukuu. Hana budi kulikata kwa kisu. Kwa nini?

Vitu hivi vyote viwili vina molekuli ndefu mno, mfano wa minyororo, ziitwazo polima. Katika ndoo, minyororo imelala pamoja bila kufungwa. Kila mmoja huvutana na jirani yake kwa nguvu dhaifu tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba: mnyororo ukiwa mrefu, mivutano hiyo midogo huwa mingi, na ndoo ikawa imara. Joto huishinda mivutano hiyo, minyororo ikateleza, ila yenyewe haikatiki. Katika tairi, minyororo imefungwa pamoja kwa atomu za salfa, kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Vifungo hivyo havilegei kwa joto. Likizidi mno, mpira huungua badala ya kuyeyuka.

Twashauri basi somo lianze kwa nyuzi za pamba, si kwa ubao. Kila kikundi kipewe rundo la nyuzi fupi na rundo la nyuzi ndefu. Wanafunzi wavute uzi mmoja kutoka kila rundo, walinganishe. Kisha wazifunge nyuzi kwa mafundo hapa na pale, wavute tena. Rundo zima litafuata. Mwalimu aeleze kwamba huu ni mfano tu, wala asichome mpira darasani, kwani moshi wake hudhuru.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya sekondari. Hatukubaliani nao. Neno "polima" laweza kungoja. Swali la ndoo na katambuga haliwezi. Mwalimu asiyejua jibu na akiri, alitafute pamoja na darasa lake, kuliko kupanda kosa ambalo mwenzake atataabika kuling'oa.