Thawabu Haifuti Mshahara



Ramadhani ikikaribia huwa tunachanga. Unga, mafuta, sukari, sabuni, pampasi. Tunabeba hadi kwenye nyumba za watu wenye ulemavu, kuanzia hapa Naitiri mpaka Bungoma na Kitale. Tunapiga picha, tunaposti. Allah atupokelee. Lakini kuna mtu yuko pembeni mwa hiyo picha na hatumuulizi hali: dada mlezi anayelala mle ndani.

Ndiye anaamka usiku kumgeuza asiyeweza kujigeuza, asipate vidonda. Ndiye anamlisha mwenzetu polepole, maana akiharakisha chakula kinampalia. Akishikwa na kifafa, yeye ndiye anajua kumlaza ubavu. Na kwa sababu analala hapo, anahesabiwa yuko kazini saa 24. Akiuliza pesa yake, jibu ni, "Dada, hii ni kazi ya thawabu."

Tuseme wazi: thawabu anatoa Allah. Mshahara ni deni la mwajiri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake mpaka jasho likakauka. Na wanahistoria wanasimulia kwamba Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kutoka Dameski mwaka 705 hadi 715, alimpa kila asiyeweza kutembea mhudumu, na kila asiyeona mtu wa kumuongoza, kwa gharama ya baitulmali. Hata wakati ule huduma hii haikuachiwa thawabu peke yake.

Sheria ya Kenya nayo haijanyamaza. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kwa mwaka. Kupewa kitanda hakuondoi hata moja kati ya hizo.

Utasikia, "Lakini nyumba yenyewe inategemea wafadhili." Ni kweli, nyingi zinahangaika. Basi sadaka yetu isiishie kwa unga. Sehemu iende kwa mshahara wa mlezi. Kwa sababu mlezi akichoka kupita kiasi, anayeumia ni yule asiyeweza kujitetea, na Kifungu cha 54 kinamhakikishia heshima na utu wake.

Kwa hivyo safari hii, kabla ya kupiga picha, uliza kwa adabu maswali matatu. Mlezi ana mkataba? Siku yake ya ofu ni lini, na nani anamshikia? Mwezi uliopita alilipwa? Msimuulize mbele ya bosi wake, mtamponza. Na akiwa amedhulumiwa na anataka kufuatilia, msindikizeni hadi ofisi ya leba.

Wabillahi tawfiq.