Pasaka ya Wapangaji wa Mwembesongo
Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, na wapangaji wengi wa kata ya Mwembesongo hawaendi kwao. Barabara za kupanda kwao milimani, Mgeta na Kinole, huwa tope tupu, na mlinzi au muuguzi wa zamu hapewi ruhusa siku ambayo wengine wanapumzika. Wanatuma pesa kwa simu, wanamsikia bibi akiuliza watafika lini, kisha wanapika wali wa mtu mmoja. Hili linaniuma sana. Pasaka ya kwanza, ile ya Waisraeli kule Misri, ililiwa majumbani, na sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka inaagiza jambo tunalolipita haraka mno kanisani: nyumba yenye watu wachache wasioweza kummaliza mwanakondoo ishirikiane na jirani yake wa karibu. Wachache walifikiriwa kabla hata safari ya kutoka Misri haijaanza. Basi mama mwenye nyumba, unajua nani kabaki chumba cha uani. Mgongee mlango Jumamosi, kabla hajanunua nusu kilo yake ya mchele, na usimwambie aje na kitu.