Homa ya mama mzee si malaria kila mara

Hapa Kivu Kaskazini, mama mzee akishikwa na homa hupewa dawa ya malaria. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, na homa inarudi, vidonge vilevile vinampotezea muda. Homa ina sababu nyingi. Mojawapo, ingawa ni nadra, ni kansa ya kizazi au ya mlango wake, hasa usaha ukijikusanya ndani. Muuguzi amuulize kwa siri: je, damu imetoka tena baada ya hedhi kukoma? Kuna uchafu wenye harufu? Kwa wahami wanaolala familia nzima katika hema moja, mama hatasema hayo mbele ya wakwe. Binti yake amsindikize kituo cha afya mapema. Haya isimuue mama.