Mtoto Akilindwa, Shamba Litalimwa

Msimu wa mpunga unapofika katika tambarare za Mwaya, mama huondoka nyumbani alfajiri, jembe mkononi na mtoto mgongoni. Tangu hapo anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anapalilia na analea. Mtoto akilia, palizi husimama. Akilazwa kando ya jaruba, moyo wa mama hautulii, maana Kyela ni nchi ya maji: mito iko karibu, Ziwa Nyasa liko karibu, na mbu hawana likizo.

Ni ajabu kwamba tunapozungumzia uzalishaji hutaja mbegu, mbolea, barabara na bei, lakini ni nadra kuuliza: saa za kazi, mtoto wa mzalishaji yuko wapi?

Jambo hili si geni kwetu. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ikaendeleza jukumu hilo. Desemba 2021 Serikali ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kwa hiyo hatukosi sera wala sheria. Tunachohitaji ni kituo chenyewe, karibu na shamba, chenye ada ambayo kibarua anaimudu.

Wapo watakaosema kwamba kwetu mtoto hulelewa na bibi au dada yake. Ni kweli. Lakini bibi huyo naye analima. Na dada huyo ni nani? Mwalimu anamfahamu vema. Ni yule mwanafunzi ambaye msimu wa palizi na mavuno rejista humwonyesha hayupo. Elimu ya msingi haina ada, lakini binti huyu anaikosa kwa sababu amebeba mdogo wake. Hivyo jasho la mama tunalilipia kwa ujinga wa binti, na taifa haliwezi kuendelea kwa hesabu ya namna hiyo.

Nasi watumishi tusijitoe katika lawama. Sheria humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na darasa la awali humpokea mtoto akikaribia miaka mitano. Kati ya nyakati hizo mbili kuna pengo la zaidi ya miaka minne. Wengi wetu huliziba kwa kutafuta msichana wa kazi, na si mara moja msichana huyo ameacha shule kabla ya wakati. Mchana twakemea utoro, jioni mtoro ndiye anayetupikia.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulipima jambo hili. Utafiti uliofanywa katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba akina mama waliosaidiwa gharama za kituo cha watoto walipata kazi kwa wingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakusaidiwa.

Basi kikwazo ni gharama. Ada ikiwa kubwa, ujira wote wa kibarua huishia kituoni, na mama huona heri abaki nyumbani. Ikiwa ndogo mno, mlezi hukosa posho, naye huacha kazi au hurundikiwa watoto kupita kiasi. Hapana budi mzigo ugawanywe. Mzazi achangie fedha au mpunga baada ya mavuno. Serikali ya kijiji itoe jengo, choo na maji safi. Chama cha ushirika kitenge sehemu ya ziada yake. Halmashauri, ambayo hukusanya ushuru wa mazao, imlipe mlezi posho na kumpatia mafunzo, na afisa ustawi wa jamii akague kituo mara kwa mara.

Hii si sadaka. Mama akipalilia bila kukatizwa, magugu hayautangulii mpunga. Akipata siku za kuvundika na kuanika kakao inavyostahili, mzigo wake hupata bei nzuri. Magunia yakiongezeka, ushuru huongezeka, na posho ya mlezi hurejea katika mfuko ulikotoka. Tena walezi wenyewe watakuwa wamepata ajira papo hapo kijijini.

Viongozi wa Chama katika matawi, akina mama wa UWT, walimu na maofisa wa kata wasingoje mgeni kutoka makao makuu. Kikao kijacho cha kijiji kiwe na ajenda hii, na kituo kifunguliwe kabla ya palizi ijayo. Tukiendelea kumwachia mama mizigo miwili, tusishangae debe linapopungua ghalani na kiti kinapobaki kitupu darasani.